Mkunjo Kwanza, Lehemu Baadaye: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kuunga Bati

Barua za toleo hili zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi, na zote zinahusu bati: namna ya kuliunga, kulifunga, na kulizuia lisianze kuoza pale pale lilipoungwa. Tumezifupisha barua bila kubadili maana yake.

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni mkazi wa Newala, ambako, kama unavyojua, maji ya mvua hayadharauliwi. Gata langu la bati la geji 28 limeungwa kwa vipande kadhaa, na kila kiungo kinavuja kabla maji hayajafika kwenye tangi. Fundi wa kwanza alipaka silikoni, nayo ikabanduka msimu ule ule. Fundi wa pili anashauri viungo vichomelewe kwa umeme ili tatizo liishe kabisa. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, ndugu yangu. Bati la geji 28 lina unene wa karibu milimita 0.4 (kumbuka kwamba namba ya geji ikipanda, unene hupungua, kwa hiyo geji 30 ni jembamba zaidi), ilhali moto wa kuchomelea unapaswa kuyeyusha chuma kwa nyuzi joto zipatazo 1,500 za Selsiasi. Fundi mwenye fito za kawaida za milimita 2.5 atalitoboa kabla hajaliunga, kisha atalijaza tundu alilolitoboa, atatoboa jingine pembeni yake, na mwisho utabaki na mstari wa vinundu unaovuja kuliko kiungo cha mwanzo. Hata kama mkono wake ni mwepesi kupita kiasi, zinki inayolifunika bati huyeyuka kwenye nyuzi 420 na kugeuka mvuke kwenye nyuzi 907, muda mrefu kabla chuma hakijayeyuka. Maana yake ni kwamba pande zote mbili za kiungo chuma hubaki bila kinga, na kutu itaanza hapo hapo ulipolipa fedha ili pasivuje.

Liko pia jambo la afya, ambalo katika karakana zetu huchukuliwa kama mzaha. Moshi mweupe unaotoka bati linapochomelewa ni zinki iliyoungua, na anayeuvuta kwa wingi huweza, saa kadhaa baadaye, kushikwa na baridi, homa, maumivu ya misuli na ladha ya chuma kinywani, hali inayofanana sana na malaria na ambayo kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Maziwa ambayo mafundi hunywa kabla ya kazi huenda tumboni, nao moshi huenda mapafuni, kwa hiyo sioni yanakutana wapi.

Ama silikoni, ilibanduka kwa sababu ilipewa kazi isiyo yake. Bati hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na gata la mita 12 likipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya mchana na alfajiri hurefuka na kufupika kwa zaidi ya milimita 4. Kama vipande havikushikwa na kitu kingine, mwendo wote huo unabebwa na ule utando uliopakwa juu, na hakuna utando utakaovumilia kuvutwa hivyo kila siku. Katika kazi ya bati, kiungo hushikwa na umbo lake, yaani mkunjo au kupandana kwa vipande vilivyopigwa ribiti. Lehemu (madini laini yanayoyeyushwa kwa moto mdogo kuliko wa kuchomelea) na silikoni kazi yake ni kuziba njia ya maji. Kiungo kisichoweza kusimama kabla hakijazibwa hakitasimama baada ya kuzibwa.

Literemshe gata chini, ufungue viungo vyote na kukwangua silikoni ya zamani mpaka bati ling'ae. Panda vipande kwa sentimita 3 hadi 5, kipande cha upande wa juu kikikaa ndani ya kile cha upande wa chini, ili maji yapite juu ya ukingo badala ya kuingia chini yake. Utashangaa ni magata mangapi yaliyofungwa kinyume. Piga ribiti kwa safu mbili zinazopishana, na tundu lolote lisiwe karibu na ukingo kuliko mara mbili ya kipenyo cha ribiti, la sivyo bati litachanika kuanzia hapo. Ukikusudia kulehemu, usitumie zile ribiti za alumini zinazovutwa kwa koleo lake, kwa sababu lehemu ya kawaida haishiki alumini, na tena ribiti hizo zina tundu katikati ambalo lenyewe huvuja. Tafuta ribiti ndogo za chuma za kugonga, na mkia unaobaki nje kabla ya kugongwa uwe kiasi cha mara moja na nusu ya kipenyo chake.

Kulehemu kwenyewe kunataka usafi na subira kuliko nguvu. Maji makali ya kusafishia hutengenezwa kwa kutumbukiza vipande vya zinki, kwa mfano kopo la ndani la betri kavu iliyokwisha, ikiwa ni ya aina ya zinki, lililosuguliwa vizuri, katika asidi ya hidrokloriki mpaka povu likome. Kazi hiyo ifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka hapo ni haidrojeni na huwaka. Paka maji hayo kiasi kwenye kiungo kwa brashi. Kichwa cha chuma cha kulehemu, ambacho ni cha shaba nyekundu kwa kuwa shaba hushika joto jingi na kulitoa haraka, kipashwe, kisafishwe, kisha chenyewe kipakwe lehemu mpaka ing'ae. Kilaze juu ya kiungo bila kukisukuma, ungoje. Bati likishapata joto utaiona lehemu ikiondoka kwenye ncha na kujivuta yenyewe ndani ya mwanya kati ya vipande viwili, na mstari mwembamba unaong'aa utatokea upande wa pili. Huo ndio wakati wa kusogeza mkono. Ikijikusanya kama matone na kuteleza juu, ama bati ni chafu ama halijapata joto, na kuongeza lehemu hakusaidii. Ukimaliza, osha kwa maji mengi, maana mabaki ya maji makali hula bati.

Kwa kuwa maji haya ni ya kunywa, lehemu ya kawaida yenye bati-jeupe (stani, si bati la paa) asilimia 60 na risasi asilimia 40 haifai, ingawa ndiyo rahisi kutumia kwa sababu huanza kulainika kwenye nyuzi 183. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, hata kidogo kidogo. Omba lehemu isiyo na risasi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 220 hadi 230. Usipoipata, ni heri upake mastiki inayofaa kwa maji ya kunywa katikati ya vipande kabla ya kupiga ribiti, si baada, ili ibanwe ndani ya kiungo, na ribiti zenyewe ziwe za aina iliyozibwa. Gata likirudi juu, kila mita 1 ishuke milimita 5 hadi 10, kwa maana maji yanayotuama hutafuta hata tundu la sindano.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninajifunza ufundi bati kwa mjomba wangu hapa Masasi. Yeye hukata kwa kukadiria na hupatia, lakini mimi nikipima keni ya kumwagilia bustani, mwili hutoka mwembamba kidogo kuliko kitako nilichokata. Natumia kipenyo mara 3.14 kisha naongeza mikunjo miwili. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ya mduara ni sahihi, na kosa liko kwenye nyongeza. Kata ukanda mwembamba wa bati, uukunje ncha zake na kuzifunga kama unavyofanya siku zote, kisha ukate kiungo kwa mkasi na kukitazama ubavuni: utahesabu tabaka nne. Moja kati ya hizo ni mwili wa keni yenyewe, na zile tatu ndizo nyongeza. Kwa hiyo nyongeza ni mara tatu ya upana wa mkunjo. Wewe umekuwa ukihesabu midomo miwili iliyokunjwa na kusahau kwamba midomo hiyo ikishaingiliana, mwili nao hupandana kwa upana mmoja zaidi.

Tuchukue keni yenye kipenyo cha sentimita 20 na mkunjo wa milimita 6. Mduara ni sentimita 62.8, nyongeza ni milimita 18, kwa hiyo bati likatwe sentimita 64.6. Kila ukingo ukunjwe kwa milimita 6 kasoro kidogo, mmoja ukielekea juu na mwingine chini, nazo sentimita zako 62.8 zitabaki kamili. Kwa njia uliyokuwa ukiitumia ungekata sentimita 64.0, na keni ingepungua kipenyo kwa milimita 2 hivi, ambazo zinatosha kabisa kukifanya kitako kikatae kuingia.

Usiubamize ukingo mpaka ulale. Uache mwanya unaozidi unene wa bati kidogo ili mdomo wa pili uingie. Ukishaiingiza midomo yote miwili, laza kiungo juu ya bomba au kipande cha reli, upige kwa nyundo ya mti, kwanza ncha zote mbili, halafu katikati. Ukianza katikati, ncha hufunguka kama mdomo wa samaki. Nyundo ya chuma huivunja zinki kwenye mkunjo na kutu hupata njia. Baada ya hapo chukua kile chuma chenye mfereji, ukiweke juu ya mkunjo na kukigonga taratibu toka mwanzo hadi mwisho, kikiuzamisha upande mmoja wa mkunjo. Hatua hii wengi huiruka wakiona kiungo kimeshabana, lakini bila hiyo midomo huachana siku keni itakapodondoka.

Kabla ya kukunja chochote, kata pembe nne za bati kwa mshazari mahali mkunjo wa wima utakapokutana na mkunjo wa kitako na ule wa ukingo wa juu. Usipozikata, kitako kitapaswa kuzikunja tabaka nne kwa pamoja, patatokea kivimbe, na keni itavuja pale pale kila mara. Ukingo wa juu ukitaka kuuzungushia waya, ongeza mara mbili na nusu ya kipenyo cha waya: waya wa milimita 4 unahitaji milimita 10. Lehemu ipakwe mwisho kabisa, kwa ndani. Mjomba wako anapokadiria kwa macho anafanya hesabu hii hii, ila ameshaifanya mara nyingi hata haioni tena. Usimwige kwa sasa.

SWALI: Kwako Fundi. Nyumba yangu iko Mikindani, karibu kabisa na bahari. Kutu imezunguka kila msumari wa paa, na upepo ukivuma mabati hugongana usiku kucha. Nataka kuezeka upya. Je, nitumie misumari au skrubu, nizipige mgongoni au bondeni, na ni kwa nini kutu imeanzia kwenye misumari?

JIBU: Nianze na kutu. Tangu Mfaransa Stanislas Sorel apate hataza ya kupaka chuma zinki mwaka 1837, siri ya mabati imekuwa ni ile ile: zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiliwe, na hata pakiwa na mchubuko mdogo au ukingo wa tundu, zinki iliyo jirani hukilinda chuma kilicho wazi. Lakini kinga hiyo huisha kadiri zinki inavyokwisha, na chumvi ya bahari, ambayo huvuta unyevu na kulifanya bati liwe na majimaji hata siku isiyo na mvua, huimaliza haraka. Msumari wa bei rahisi una zinki kiduchu kuliko bati lenyewe, kwa hiyo hutangulia kufa. Liko na lingine ambalo fundi hatakwambia: chembe za chuma zinazoruka wakati wa kutoboa au kukata kwa grainda huanguka juu ya bati, hushika kutu usiku ule ule na kuacha madoa. Zifagiwe kila jioni. Na ukataji uwe wa mkasi wa bati, kwa sababu grainda huunguza zinki na rangi kando ya mkato.

Kati ya misumari na skrubu, kwa Mikindani sina mashaka: skrubu zenye raba, na zilizopakwa zinki nene au zilizotengenezwa mahususi kwa pwani. Upepo unaopita juu ya paa haulisukumi bati chini. Hulinyonya kwenda juu, huliachia, hulinyonya tena, na msumari laini hutoka milimita kwa milimita mpaka raba yake inaanza kucheza. Ndiyo kelele unayoisikia. Ukilazimika kutumia misumari, iwe ile iliyosokotwa mwili.

Kwa bati la migongo midogo ya mviringo, piga juu ya mgongo, kwa maana bonde ni njia ya maji. Skrubu iwe ndefu kiasi cha kuingia kwenye papi (mbao zinazobeba mabati) sentimita 2.5 hadi 3, na ikazwe mpaka raba ianze kujitokeza kidogo pembeni mwa kofia, basi. Raba iliyopondwa ikatokeza nje kama ulimi itapasuka kwa jua, na iliyolegea itavuja siku ya kwanza.

Mnyonyo wa upepo ni mkali zaidi kingoni, kwenye pembe na karibu na kofia ya paa. Kwa hiyo kwenye safu za mwisho piga kila mgongo wa pili, na katikati ya paa kila mgongo wa tatu inatosha. Sitii chumvi. Lindi ilipigwa na tufani Aprili 1952, na mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kwenye pwani hii hii yetu. Paa huanza kung'oka kwenye pembe, na bati la kwanza likishainuka, upepo huingia ndani na mengine hufuata.

Mabati yapandane kwa mgongo mmoja na nusu ubavuni na sentimita 15 au zaidi kwa urefu. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Basi anza kuezeka kutoka ncha ya paa iliyo mbali na upepo huo, ili kila bati jipya lilale juu ya lililotangulia na midomo ya maungio iupe upepo kisogo. Katikati ya papi na papi, pale mabati mawili yanapopandana ubavuni, shona kwa skrubu fupi za bati kwa bati. Hizo ndizo zitakazonyamazisha kelele, nazo ni za bei ndogo kuliko kitu kingine chochote katika paa hilo.

SWALI: Fundi, mimi ni mama lishe mjini Lindi. Sufuria yangu kubwa ya alumini imetoboka kitako, na fundi mmoja amekataa kuilehemu. Na jiko langu la bati limefumuka kwenye mshono. Vyote viwili vinatengenezeka?

JIBU: Vinatengenezeka, mama, na fundi aliyekataa anaijua kazi yake. Alumini huvaa ngozi nyembamba ya oksidi mara tu inapokutana na hewa, na ngozi hiyo haiyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000, ilhali alumini iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ndiyo maana lehemu huteleza juu bila kushika. Tena, lehemu yenye risasi haiingii kwenye chombo cha chakula kwa hali yoyote. Tundu dogo lizibwe kwa ribiti nzima ya alumini, yenye kichwa kipana ndani na kugongwa kwa nje juu ya chuma kizito, mpaka ijae tundu lote. Likiwa kubwa kuliko kidole, liwekewe kiraka cha alumini chenye ribiti pembeni, lakini sufuria hiyo uipe kazi ya kuchemshia maji, kwa kuwa chakula kitajificha chini ya kiraka.

Jiko ni rahisi zaidi. Lehemu haina nafasi jikoni, itadondoka makaa yakikolea. Mshono ufunguliwe, ukunjwe upya kwa upana mkubwa zaidi, kisha upigwe ribiti za chuma juu ya mkunjo. Za alumini zitalainika na kulegea.

SWALI: Nipo Kilwa Kivinje. Tumeziba ubao wa dau kwa kipande cha bati kilichopigiliwa misumari ya shaba, kwa kuwa tuliambiwa shaba haishiki kutu. Bati limelika kuzunguka misumari kwa muda mfupi sana. Je, bati lilikuwa bovu?

JIBU: Bati halikuwa bovu, mliliweka na jirani mbaya. Shaba na zinki zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na katika betri hiyo zinki ndiyo inayoliwa, kisha chuma kilicho chini yake. Msumari wa shaba utabaki mzuri kweli, ila utakuwa umeshika tundu tupu. Kwa sababu hiyo hiyo maji yanayodondoka kutoka bomba la shaba juu ya paa la bati huacha mstari wa kutu.

Mkitaka kutumia misumari ya shaba, kiraka nacho kiwe cha shaba. Mkitaka bati, misumari iwe ya chuma iliyochovywa katika zinki. Kwa vyovyote vile kiraka kisitegemewe kuzuia maji: mbao zipigwe kalafati (zizibwe nyufa kwa pamba) kwanza kama kawaida, chini ya bati litandikwe kitambaa kilicholowanishwa lami, na misumari ipigwe kingoni kwa kupishana, mbali kidogo na ufa wenyewe ili msiupasue zaidi.